Ngozi ya Mbuzi Juu ya Boneti

Wiki iliyopita nilinunua zabibu njiani nikielekea kazini Mtumba, nikazisahau kwenye siti ya nyuma ya gari la mfanyakazi mwenzangu aliyenipa lifti. Jioni tulipofungua milango, joto la mchana kutwa lilikuwa limeshazipika. Mwenzangu akashika pua na kuanza kulalamikia siti zake. Mimi nilibaki nimeinama mlangoni navuta hewa, mpaka akaniuliza kama naumwa. Zabibu zilizoiva kupita kiasi, kitambaa cha siti na vumbi letu jekundu: hiyo ndiyo harufu ya gari la Mama. Sikuwa nimeinusa tangu nikiwa darasa la nne, na nilipoinusa nilimsikia Babu nyuma yangu akisafisha koo, kama alivyofanya kila alipotaka kunituma neno.

Tulikaa Area D, mimi na Mama, kwenye nyumba ya kupanga yenye kibaraza, na hapo kibarazani ndipo ilipokuwa cherehani yake. Alishona sare za shule na magauni ya harusi, na kiangazi alikuwa akifunika vitambaa kwa shuka mbili kwa sababu ya vumbi. Baba alikuwa ameshafariki. Nilichoambiwa ni kwamba aliugua, na watoto wa wakati ule mnajua, ukishaambiwa mtu aliugua ulikuwa huulizi zaidi. Ujana wake aliumalizia machimboni, akarudi nyumbani na mpango mmoja tu kichwani, kupanda mizabibu kwenye shamba la baba yake kule Zuzu. Akaipanda, ikashika, na ilipoanza kuzaa vizuri yeye akaondoka. Mama ndiye aliyebaki nayo. Ijumaa jioni anafunika cherehani, Jumamosi alfajiri tuko Zuzu, anapogoa na kufunga matawi kwa vitambaa vilivyobaki kwenye ushonaji, hivi kwamba shamba letu lilikuwa na vipande vya sare za nusu ya shule za mjini.

Shamba lilikuwa la Babu, na hapo ndipo palipokuwa na kazi yangu. Babu na Mama hawakuwa wakisemeshana. Walikuwa wanaweza kukaa uani pamoja, Babu kwenye kigoda chake akiupa mgongo mlango wa jiko, Mama mlangoni akichambua mboga, hatua chache tu kati yao, na Babu akasafisha koo akasema, "Mchumba, mwulize mama yako kama kuna chai." Mama alikuwa ameshasikia. Mimi nilikuwa nageuka na kumwambia, "Babu anauliza kama kuna chai," na Mama anajibu huku anatazama sufuria, "Mwambie Babu yako ipo." Nageuka tena. Babu alikuwa ameshasikia naye, lakini alisubiri nimwambie.

Leo najua, na nyinyi wenzangu wenye mabibi na mababu wa huko mnajua, kwamba hiyo ilikuwa heshima. Kwa watu wa rika la Babu, mke wa mtoto wako humtazami usoni wala humtupii maneno, na yeye hakutupii. Baba alipokuwa hai ndiye aliyekuwa akiyapitisha maneno yao, tena kwa ustadi hata sikuwahi kugundua. Alipoondoka, daraja nikawa mimi, na hakuna aliyekumbuka kunieleza ni daraja la nini. Nikaangalia mwenyewe, nikaamua mwenyewe: Babu anamchukia Mama. Na kwa kuwa Mama nilimpenda kuliko kitu chochote, nikaanza kumwangalia Babu kwa jicho baya.

Kisha zabibu zikaoza. Tulimsubiri dalali aje na lori lake, akasema kesho, akasema tena kesho, na zabibu hazijui kesho. Zilipolainika alikuja, akazitazama na kutaja bei ambayo Mama hakuijibu. Tulizila sisi, wakala kuku, zilizobaki zikageuka siki juu ya turubai. Jioni ile Babu alisafisha koo kwa muda mrefu kuliko kawaida. "Mwambie mama yako nimeona," alisema. "Mavuno yanayokuja yakiharibika tena, mizabibu naing'oa. Pale palikuwa pa uwele, na uwele haunisumbui." Nilimgeukia Mama. Ilikuwa mara ya kwanza nikashindwa kulirudia neno, na Mama alijibu bila kungoja. "Mwambie Babu yako nimesikia."

Ndipo Mama alipoamua kununua gari. Alichokuwa nacho ni akiba ya cherehani na kile kidogo alichoachiwa na Baba. Alikuwa anataka kirikuu, vile vigari vidogo vya kubebea mizigo, lakini kila kirikuu alichokiona kilikuwa ama kimechoka ama kinamzidi uwezo. Dalali wa magari akamwambia kuna kitu kingine, na akaomba asikatae kabla hajakiona. Babu alipopata habari alitoka Zuzu siku hiyo hiyo akiwa na fimbo yake na shuka begani. Hakusema amefuata nini.

Lilikuwa gari la Kijapani la familia, refu, limelala chini, la bluu, lenye buti ambayo ukilaza siti unaweza kuingiza godoro. Lakini lilikuwa na mambo yake. Ubavuni lilikuwa limebandikwa miale ya moto. Bomba la moshi lilikuwa nene hata ningeweza kuingiza mkono mpaka kiwikoni, na lilipowashwa mbwa wa jirani waliondoka. Juu ya boneti, katikati kabisa, kulikuwa na tundu pana lililoinuka na kutazama mbele. Mwenye gari alikuwa kijana aliyekuwa akishindana na wenzake barabarani jioni, sasa ameoa, na mke wake amechoka kununua mafuta. "Mama, hii ni injini ya mashindano ndani ya gari la kwendea kanisani," dalali alisema. Kwa sababu linakunywa sana hakuna aliyelitaka, na kwa sababu hakuna aliyelitaka, Mama aliliweza.

Babu alilikagua kama yupo mnadani. Alilizunguka, akalipiga kofi ubavuni, akainama kuangalia miguu, akataka lifunguliwe kinywa. Alipofika kwenye tundu la boneti alisimama. "Mchumba, mwulize mama yako hili tundu ni la nini." Mama alimuuliza dalali, dalali akasema gari linapumulia hapo, na jibu likapita kwangu likamfikia Babu hivyo hivyo. Babu aliweka kiganja chake mbele ya tundu na kukiacha hapo muda, kama mtu anayetafuta pumzi. Nilimwona akikunja uso. Nikajua amepata pa kulilaumia.

Kijana alipogeuza ufunguo, sauti ya mwanamke ikatoka kwenye dashibodi ikizungumza Kijapani, taratibu na kwa adabu. Babu aliruka hatua moja nyuma. Aliponiuliza yule mwanamke anasema nini, nilijibu kwamba anamwamkia, maana ndiyo kazi niliyoizoea. Babu akasogea dirishani akasema, "Marahaba." Hata Mama alilazimika kugeuka upande mwingine.

Wiki zilizofuata nazikumbuka kwa furaha isiyo na doa. Mama alilipeleka gari Chang'ombe kwa Fundi Hassani, Mrangi wa Kondoa aliyekuwa mpole na mwenye maneno mengi, akabadilisha oili, plagi na bushi za miguu, akaliwekea bomba la moshi la watu wazima. Nyumbani tulilisugua sisi. Mama aliibandua ile miale ya moto kwa mafuta ya taa na kisu cha mezani, mimi nikifuata nyuma na kitambaa. Chini ya vibandiko rangi haikuwa imepigwa jua, kwa hiyo miale iliondoka na kivuli chake kikabaki, bluu iliyokoza juu ya bluu iliyopauka. Chini ya siti tulikuta sarafu yenye tundu katikati na soksi ya mtoto mdogo. Nilikaa nayo siku nzima nikimfikiria huyo mtoto wa Kijapani mwenye mguu mmoja wa baridi. Mama akaifua, akaianika pamoja na zetu, kisha akazivalisha siti foronya za vitenge vya kila rangi, mabaki ya magauni ya wateja wake.

Alikuwa ana leseni mpya kabisa na woga mpya kabisa. Mara ya kwanza alipokanyaga mafuta vizuri, kitu fulani ndani ya injini kilipiga mluzi, gari likachomoka, na Mama akawa anawaomba samahani watu wa barabara nzima ambao hata hatujawagusa. Mara ya pili hakuomba samahani. Mara ya tatu nilimwona akitabasamu peke yake, tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu msiba.

Siku ya kulichukua gari gereji, Fundi Hassani alimwita Mama kwenye boneti na kumweleza habari ya lile tundu. Maelezo yalikuwa marefu. Mimi nilikuwa nimepewa sumaku na nilikuwa naokota nati kwenye mchanga, kwa hiyo nilisikia mwisho tu, kwamba lisizibwe hata kwa karatasi, kwamba likizibwa injini itachemka humo ndani na kukosa nguvu, na kwamba akisikia inagonga asimame papo hapo, asije akaiua. Mama alirudia kila neno kama mwanafunzi. Neno la kuua ndilo lililonikaa.

Jumamosi ile tuliingia Zuzu na gari letu. Watoto walitukimbilia tangu relini. Babu alikuwa amesimama uani akitungoja, na mkononi alikuwa na kitu. Niliposhuka na kumpa shikamoo alinishika kichwa, akapita, akaenda moja kwa moja mbele ya gari. Kilikuwa kifuniko cha ngozi ya mbuzi, kimelainishwa kwa mafuta, kimeshonwa kingo zote kwa mkono, mishono midogo ambayo hata Mama na cherehani yake angeiheshimu. Alikivisha juu ya tundu la boneti. Kilienea sawasawa, bila shaka alilipima siku ile kwa kiganja. Akapitisha kamba za ngozi pembeni na kuzifunga, akarudi nyuma kutazama.

"Mwambie mama yako nimeliziba vumbi."

Nilimtazama Mama. Alikuwa amesimama na mlango wa gari bado uko wazi, mdomo umefunguka kidogo. Nilijua anachokumbuka, kwa sababu nami nilikuwa nakikumbuka. Akafunga mdomo, akainamisha kichwa, akapiga goti kidogo kama inavyotakiwa. "Mwambie Babu yako nashukuru sana. Ameshona vizuri." Nikampelekea Babu shukrani hizo nikiwa nimenuna, na moyoni nikawa nimeshamaliza kesi. Babu ameambiwa gari linapumulia hapo, akaenda akashona kitu cha kuliziba pumzi. Gari likifa zabibu zitaoza, zikioza atang'oa mizabibu ya Baba na kupanda uwele wake. Kwa akili ya darasa la nne hapakuwa na shimo kwenye hoja hiyo.

Kuanzia hapo Mama akawa na desturi yake. Tukitoka kwa Babu anaendesha polepole na ngozi iko juu, mpaka tuvuke reli na nyumba zisionekane. Anasimama, anashuka, anaifungua, anaikunja na kuiweka kwenye buti. Tukirudi, pale pale kabla ya reli, anashuka anaivisha. Hakunieleza wala mimi sikumuuliza. Nilidhani tuko vitani pamoja na hii ni siri ya jeshi letu, na nilijivuna sana kwa kupewa cheo. Kwa Babu nikawa mkavu. Akiniita mchumba siitiki mpaka mara ya pili. Akinipa karanga nasema nimeshiba. Aliniangalia kwa mshangao, mzee wa watu, akaziacha karanga kwenye kiti nilichokaa.

Mavuno yakafika, na hayakuwahi kuwa mazuri namna ile. Mama alikuwa ameshaongea na watu wa kiwanda cha mvinyo mjini. Walipokea zabibu mwisho saa sita mchana, zikiwa bado ngumu, na wakiziona zimelegea wanakurudishia. Tulianza kuchuma umande ukiwa bado upo, Mama, mimi na majirani, na jua lilipopanda gari lilikuwa limejaa makreti mpaka kwenye dari, limekaa chini kwa uzito. Mama alibakiza nusu ya siti ya nyuma, akafunga buti, akawasha, yule mwanamke akatoa salamu zake. Ndipo mlango wa nyuma ukafunguliwa, Babu akaingia na fimbo yake, akakaa katikati ya makreti na kujifunika shuka.

"Mchumba, mwambie mama yako twende. Nataka kuziona zinavyopimwa."

Ngozi ilikuwa juu ya boneti. Tulipofika relini Mama alipunguza mwendo, nadhani mguu wenyewe ulizoea. Akatazama kwenye kioo, akaongeza mafuta, tukapita. Kwenye mchanga wa korongo gari lilijitahidi, likatoka. Kwenye lami lilikwenda vizuri kwa muda, na nikaanza kufikiri kwamba Fundi Hassani alitia chumvi. Lakini jua lilikuwa kali na mzigo ni mzito. Barabara ilipoanza kupanda, ule mluzi ulikufa. Mama alikanyaga mafuta na gari halikuitika. Akabadilisha gia, likasogea kwa kujivuta, baiskeli ikatupita. Kisha nikaisikia, kokoto zikitikiswa ndani ya kopo. Inagonga. Mama akatoka nje ya lami na kuzima.

Harufu ya ngozi iliyopata moto iliingia dirishani, na nyuma yetu zabibu zilikuwa zimeshaanza kutoa harufu yake. Mama alishuka, akaenda mbele ya gari, akasimama huku mkono umenyooka kuelekea zile kamba, na hakuzigusa. Baba mkwe wake alikuwa anamtazama kupitia kioo cha mbele. Kuifungua mbele yake ni kumwambia mzee hadharani kwamba amefanya ujinga, na Mama hakulelewa hivyo. Alirudi dirishani kwangu. Jasho lilikuwa linamtoka juu ya mdomo. Alisema, "Mwambie Babu yako gari limechoka, linapumzika kidogo."

Babu akasafisha koo. "Mwulize mama yako kama zabibu nazo zitapumzika."

Niligeuka kumwambia Mama, nikaona macho yake yamejaa maji. Sikurudia neno. Niligeukia nyuma, nikapiga magoti juu ya siti, nikamwambia Babu kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia kwa mtu mzima yeyote, "Ni ngozi yako, Babu. Fundi alisema tusizibe. Umeliziba makusudi life, upate kung'oa mizabibu ya Baba."

Mama aliniita jina langu kamili. Nilingoja kofi. Halikuja, kwa sababu Babu alikuwa ameinua kiganja kumzuia, na bado alikuwa ananiangalia. Sikuona hasira. Alionekana kama mtu aliyeamshwa ghafla na anatafuta yuko wapi. Akafungua mlango, akashuka kwa kushikilia fimbo, akaenda mpaka kwenye boneti. Mama alisogea kumpisha na kuinamisha uso.

"Baba yako aliletwa kwangu kifua kimejaa vumbi la machimbo," Babu alisema. Alikuwa anasema na mimi, lakini alikuwa ameshika ngozi. "Nililala naye chumba kimoja. Nilikuwa nasikiliza anavyovuta pumzi, mpaka siku aliyoacha kuvuta. Mliniambia gari hili linapumulia hapa. Na vumbi la kwetu mnalijua. Sasa mimi ningefanya nini, mjukuu wangu?"

Mpaka leo sijui kama kuna neno jingine lililowahi kuniingia namna ile. Sikuwa nimejua Baba alikufa kwa ugonjwa gani. Sikuwa nimejua Babu alikuwepo chumbani. Miezi yote ile nilimdhania anashona kifo, kumbe alikuwa anashona kinga, kwa mkono, mshono kwa mshono, kwa ajili ya kifua cha gari kwa kuwa kile kingine kilimshinda. Nilishuka nikasimama katikati yao, mahali pangu pa kazi.

Babu aliinama kwenye kamba. "Nilikuwa najua anaivua," aliendelea. "Mimi nafungia fundo kulia, inarudi fundo liko kushoto. Nikasema labda mjini anaona aibu kutembea na ngozi ya mbuzi."

Mama akainua uso. Nakumbuka upepo ukivuta khanga yake, lori likipita na kutumwagia vumbi, na Mama akimtazama baba mkwe wake usoni.

"Baba, nilikuwa naona aibu ya kukuambia," alisema.

Hakuna aliyenitazama mimi. Babu hakugeuka wala hakusafisha koo. Mama akaendelea haraka haraka kama mtu aliyekwisha kuingia majini. Alimwambia kwamba dalali hakujua anachosema. Hapo gari halipumui, hapo linapoa tu, upepo unaingia kupoza hewa iliyochemka. Pumzi yake inapita kwingine, pembeni, na kabla haijaingia inachujwa. Akafungua boneti, ngozi ikiwa bado juu yake, akabandua vishikizo vya boksi jeusi na kutoa chujio, kipande cha mraba kilichokunjwakunjwa kama sketi ya shule. Akampa mkononi. Alimwambia analisafisha kila Jumamosi kabla ya kuingia shambani.

Babu alilipigapiga kwenye kiganja. Vumbi jekundu lilimwagika, laini, jingi, likajaa mistari ya mkono wake.

"Lote hili lilikuwa linakwenda ndani?"

"Lilikuwa linakwenda, Baba. Likazuiwa hapa."

"Mwanangu hakuwa na kitu hiki," Babu alisema.

Mama alilia hapo hapo kando ya barabara, waziwazi, na Babu hakuondoka wala hakugeuza mgongo kama adabu ilivyomtaka. Alisimama tu ameshika chujio mpaka Mama alipomaliza. Kisha akamrudishia kwa mikono miwili, akafungua kamba zake mwenyewe, akaikunja ngozi. Tulingoja kidogo na boneti iko wazi. Gari lilipowaka halikugonga. Mama alipanda ule mwinuko kwa mwendo ambao haukuwa wa mkwe hata kidogo, mluzi ukilia, makreti yakigongana, Babu ameshika fimbo kwa mikono miwili, na sikumsikia akilalamika.

Tulifika foleni ikiwa bado ipo. Mpokeaji alichukua zabibu moja, akaibana kwa vidole, akaitupa mdomoni na kusema shusheni. Babu alisimama karibu na mizani kreti baada ya kreti na hakutaka kiti.

Wakati wa kurudi nilikwenda kwenye mlango wa mbele kama kawaida, nikamkuta Babu ameshaushika. Akaniambia nikae nyuma, kuna nafasi sasa. Nilikaa kwenye siti tupu, kwenye majimaji ya zabibu, nikasubiri. Nilisogeza kichwa katikati ya siti zao niwe tayari. Tulipita Kizota, tukaiacha lami, tukaingia mchangani, na Babu akamuuliza Mama kupogoa kunaanza lini, na je, samadi yake ya zizini inaifaa mizabibu au itaiunguza. Mama akamjibu, akamuuliza naye. Wakaendelea hivyo, yeye anasema, yule anajibu, na njia nzima mpaka Zuzu hakuna aliyenituma neno.